Walichokiacha

Saa kumi na moja jioni, Desemba, giza limeshaingia Haarlem,
walipitia mlango wa nyuma, ule wa jikoni,
kwa bisibisi moja na subira kidogo.
Dakika saba, alikadiria Afisa Brandsma,
kapiga magoti penye kitasa kama mtu anayesali.
Saba! Mama huchukua zaidi ya hizo kuchuja kahawa.

Televisheni hawakuigusa.
Siku hizi nani atakimbia na ukuta mgongoni, alisema afisa,
tena ukuta wenyewe bei ya kutupwa.
Wanataka kinachoingia mfuko wa koti.
Dhahabu kwanza. Dhahabu huyeyuka,
na ikishayeyuka haikumbuki shingo iliyoivaa.
Funguo za gari, zile zisizohitaji tundu.
Pasipoti. Karatasi ya nywila,
ambayo mama aliibandika ndani ya kabati la vikombe
kwa herufi kubwa za mtu mwenye macho mabovu,
na juu yake ameandika SIRI,
akapiga mstari chini, mara mbili.

Walijuaje kwamba hatupo?
Afisa hakujibu upesi. Alitazama dirisha la mbele,
mapazia yamefunguka pande zote kama kawaida ya mtaa wetu,
ambako kufunga pazia ni kukiri jambo.
Kisha akauliza jina la binti yangu, akabofya simu yake,
akanionyesha: bibi na mjukuu, Tenerife,
miguu mchangani, na maneno ya Fenna chini ya picha:
*Bado siku nne!*
Ndugu, hata mbwa angeelewa.

Mama alikuwa ameshapanda ngazi.
Nilimsikia akivuta droo, akinyamaza, akivuta nyingine,
halafu akaniita kwa jina langu la utotoni.

Vijiko. Vijiko kumi na viwili vya fedha vya Bibi Aaltje,
ambavyo kila safari tulivificha upya:
ndani ya mashine ya kufulia, ndani ya gunia la viazi,
mwaka mmoja ndani ya oveni, na tukawasha oveni.
Bibi hakuviuza hata majira ya baridi ya njaa,
watu walipokula vitunguu vya maua,
na mama akiwa kitoto cha miezi minne, mwepesi kama glavu.
Hadithi hiyo tuliimeza na kila supu.

Wezi walivipata. Walivimwaga kitandani,
wakachagua kimoja, wakakikwaruza shingoni kwa tupa,
wakaviacha vyote.

Nilikipeleka chini ya taa.
Chini ya mng'aro, palipokwaruzwa,
rangi ya njano: shaba.
Afisa alikohoa, akageukia kazi yake ya alama za vidole.

Mama alikaa ukingoni mwa kitanda, vijiko mapajani.
Mkufu wa arusi umekwenda, pete ya baba imekwenda,
na yeye anahesabu walichokidharau.
Nane, tisa. Baiskeli ile, alisema.
Baiskeli gani?
Mama yangu aliondoka na baiskeli isiyo na mipira,
akaenda kaskazini kwa wakulima, siku tatu.
Akarudi na viazi, maharage, na chupa ya maziwa.
Hatukuwahi kuuliza alilipa nini.

Kumi na moja, kumi na mbili.

Basi alinunua vingine baadaye, vya bei rahisi,
akavipiga msasa wa uongo miaka arobaini,
ili nani asione aibu, sijui.
Mama akacheka, kicheko kikavu, kisha kikawa si kicheko.
Kumbe nilivila, alisema. Nilivila mimi.

Fundi alikuja asubuhi na kitasa cha pointi tatu.
Mama alimkaribisha kahawa,
akaikoroga kwa kile kilichokwaruzwa,
mapazia wazi, mtaa mzima ukitutazama.